IST ya 2004: taa tatu na paa linalobanduka

1 Juni 2024. Gari lilivyo kabla ya kuguswa

Toyota ist ya 2004, bodi NCP60, injini ya 2NZ-FE ya cc 1,298. Dashibodi inasema kilomita 187,000 na ushee. Rangi ni nyeusi namba 209, ile yenye chembechembe zinazometa juani. Namba ya rangi imeandikwa kwenye kibati kilichogongwa ndani ya boneti, ukutani nyuma ya injini. Mwenye Vitz ya mwanzo, Platz, Funcargo au bB yenye injini za familia ya NZ anaweza kufuata karibu kila kitu humu, isipokuwa paa.

Matatizo ni manne. Taa ya injini, ile ya njano yenye umbo la injini, inawaka muda wote. Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kuserereka ukifunga breki, nayo vilevile. Taa nyekundu ya breki inawaka nikikata kona au nikifunga breki kwa nguvu, kisha inazima. La nne ni jua la Dar: klia (tabaka la juu lisilo na rangi, linalong'aa) ya paa na boneti imebanduka mabaka mabaka, na chini yake rangi imepauka kama mkaa uliomwagiwa maji.

Nilianza kwa kuuliza bei. Gereji ya kwanza: "Bosi, hiyo ni oksijeni sensa, laki na themanini." (Ni sensa inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi wa eksozi.) Ya pili ikasema ABS ni pampu, used nitaipata kwa 450,000. Mpiga rangi akataka 1,300,000 kwa gari zima. Jumla 1,930,000, na katika hao wote hakuna aliyefungua boneti.

Kwa hiyo mradi una sharti moja: hakinunuliwi kifaa ambacho hakijapimwa. Mpangilio ni breki, injini, ABS, halafu rangi mwisho kabisa. Rangi inakuwa ya mwisho kwa sababu mbili. Mafuta ya breki yanakula rangi, na huwezi kufanya kazi kwenye injini bila kuegemea fenda na kuweka spana mahali usipopaswa kuziweka.

Vifaa vilivyokuwepo nyumbani: jeki, stendi mbili, seti ya spana na soketi, maltimita ya bei rahisi. Bei zote humu ni za shilingi ya Tanzania, nilizolipa mimi Kariakoo na Ilala. Wewe unaweza kupata pungufu, hasa usipokwenda umevaa nguo za ofisini.

2 Juni. Kusoma taa kwa kipande cha waya

Nilinunua kisomaji cha makosa ya gari, cha Bluetooth, cha 30,000, kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu. Simu ilikiona, lakini gari likakataa kuongea nacho. Hilo si la kushangaza: magari mengi ya soko la ndani la Japani ya miaka ile yana soketi ileile ya pini 16, ila namna yanavyoanzisha mazungumzo hailingani na inavyotarajiwa na vifaa hivi vidogo. Kama gari lako lilitengenezwa kwa soko la Japani kabla ya 2006 hivi, jaribu cha mtu kwanza kabla ya kutoa hela.

Njia iliyofanya kazi haina gharama. Kwenye soketi hiyo, unganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya au pini ya karatasi iliyonyooshwa, swichi ikiwa imezimwa. Kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa za dashibodi zitaanza kukonyeza. Zikikonyeza haraka haraka mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Kukiwa na kosa, taa itakonyeza tarakimu ya kwanza, itapumzika kidogo, kisha itakonyeza ya pili. Mbili, pumziko, tano: hiyo ni 25.

Hesabu pini mara mbili kabla ya kuchomeka. Pini ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, ukiiunganisha na ya 4 utaunguza fyuzi, na hapo ni kama una bahati.

Matokeo: taa ya injini ilitoa 25, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kupita kiasi kwa petroli iliyopo. Ndiyo P0171 kwa lugha ya mashine za kisasa. Taa ya ABS ilitoa 32, sensa ya gurudumu la mbele kushoto. (31 ni mbele kulia, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto.) Taa nyekundu ya breki haina namba ya kusoma. Kwa kawaida inawashwa na vitu viwili, swichi ya hendibreki na boya lililo ndani ya chupa ya mafuta ya breki.

Tazama sasa: kosa la ABS limetaja gurudumu moja. Halijataja pampu popote. Na 25 haisemi oksijeni sensa imekufa. Inasema oksijeni sensa *imeona* hewa nyingi. Kumfukuza shahidi kwa sababu ameleta habari mbaya ndiyo biashara ya gereji nyingi.

8 Juni. Taa nyekundu

Chupa ya mafuta ya breki ilikuwa chini kidogo ya alama ya MIN. Ukikata kona mafuta yanakwenda upande mmoja, boya linashuka, taa inawaka. Mtu yeyote angejaza na kuondoka, na taa ingezima.

Ila mafuta ya breki hayapungui hovyo. Kama hayavuji, yamehamia mbele: pedi zinapolika, pistoni za kalipa (kishikio kinachobana pedi) zinatoka nje zaidi na mafuta yanajaza nafasi hiyo. Nikavua matairi ya mbele. Pedi ya ndani upande wa kulia ilikuwa imebaki milimita mbili hivi. Hakuna dalili ya kuvuja kwenye kalipa wala kwenye hozi, na silinda za nyuma ndani ya ngoma zilikuwa kavu.

Pedi mpya za mbele 45,000. Kubadilisha si kazi ya kuandika sana. Lililotaka nafasi ni hili: aliyewahi kunihudumia huko nyuma alishaongeza mafuta wakati pedi zimekwisha nusu, kwa hiyo nilipozirudisha pistoni ndani, mafuta yaliyozidi yalipanda na kufurika kutoka kwenye chupa. Nilimwaga maji mengi papo hapo, lakini sehemu ndogo chini ya chupa haikufikiwa, na kesho yake rangi ya chuma pale ilikuwa inachuruzika kidoleni. Ndani ya boneti haionekani. Ingekuwa juu ya fenda mpya iliyopigwa rangi, ungekuwa msiba. Siku hizi nafyonza mafuta kwa sirinji ya duka la dawa kabla ya kurudisha pistoni, kisha nakuja kujaza mapya ya DOT 3 mpaka MAX.

Mafuta 8,000. Taa nyekundu imezima.

15 Juni. Namba 25: sensa ya hewa

Mshukiwa wa kwanza wa mchanganyiko wenye hewa nyingi ni sensa inayopima hewa iingiayo, iliyokaa kwenye bomba baada ya chujio. Ikiwa na vumbi inahesabu hewa pungufu kuliko iliyoingia kweli, kompyuta inatoa petroli kidogo, mchanganyiko unakosa petroli. Spirei yake maalumu ni 20,000. Usitumie spirei ya kabureta kwa sensa hii, ni kali na inaweza kuharibu plastiki na waya ule mwembamba kama unywele.

Ilikuwa chafu kweli. Nikapuliza, nikaacha ikauke, nikarudisha. Nikatoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupulizia petroli) kwa dakika moja na zaidi kufuta kumbukumbu. Taa ikazima.

22 Juni. Imerudi

Taa imewaka tena, 25 ileile. Na sasa nimeanza kusikiliza vizuri: asubuhi gari likiwa baridi sailensi (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka kwa dakika chache za mwanzo, kisha inatulia. Kwenye foleni ya Ubungo saa moja jioni, gari likiwa limechemka, halina tatizo lolote.

Badala ya kununua kifaa nilikwenda kwa fundi umeme mwenye mashine kubwa inayoongea na magari ya Japani. 20,000 kwa kupima, na nilimwambia mapema sitaki kufutiwa taa, nataka namba. Hapo ndipo pesa bora ya mradi mzima ilipotumika, kwa hiyo nitaeleza.

Kompyuta ya injini hujisahihisha muda wote. Ikiona hewa nyingi inaongeza petroli, ikiona petroli nyingi inapunguza, na masahihisho hayo inayaandika kwa asilimia. Karibu na sifuri ni afya. Yakipita kiwango ilichowekewa, inakata tamaa na kuwasha taa. Langu lilisoma hivi: injini ikiunguruma bila kukanyaga, nyongeza ya 22%. Tukakanyaga mpaka mizunguko 2,500 na kuishikilia, ikashuka mpaka 6%.

Mwelekeo wa namba hizo ndio jibu. Hewa inayopenya kwenye tundu dogo baada ya sensa haibadiliki sana. Injini ikiwa imetulia inavuta hewa kidogo, basi ile ya wizi ni sehemu kubwa ya yote. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ya wizi inapotea ndani yake. Ingekuwa pampu ya petroli imechoka au chujio limeziba, mambo yangekuwa kinyume, nyongeza ingepanda kadiri unavyokanyaga. Sensa ya hewa ikiwa inadanganya, nayo mara nyingi huonekana zaidi kwenye mizunguko ya juu. Kwa hiyo kuna mahali panavuja, na panavuja zaidi asubuhi pakiwa baridi.

Fundi alitaka kuuza oksijeni sensa pia. Nilimwonyesha kwenye kioo chake mwenyewe jinsi sensa ilivyokuwa inaruka juu chini vizuri, akacheka, akasema "haya mzee, umeshinda."

29 Juni. Gasketi ya manifodi

Asubuhi mapema, injini baridi, boneti wazi, chupa ya kunyunyizia maji ile ya kupigia pasi. Nyunyiza kidogo kidogo sehemu moja moja: viungo vya hozi ndogo, mdomo wa throtoli (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), halafu mstari ambapo manifodi ya plastiki, bomba linalogawa hewa kwa silinda, inakutana na kichwa cha injini. Maji yakiziba tundu kwa sekunde, sailensi inabadilika. Wengi hutumia spirei ya kabureta kwa kipimo hiki. Inafanya kazi haraka zaidi, lakini inawaka moto kirahisi. Maji yanatosha.

Kwenye hozi moja ndogo ya vakyumu sailensi ilibadilika kidogo. Nikakata ncha iliyopasuka nikabadilisha kipande kizima, 5,000. Nilidhani nimemaliza, ila nikaendelea kunyunyiza, na kwenye silinda ya mwisho injini ikatulia ghafla kama imezibwa mdomo. Ndiyo yenyewe.

Gasketi ya manifodi kwenye injini hizi ni mpira unaokaa ndani ya mfereji. Baada ya miaka 20 ya joto unakakamaa na kusinyaa. Injini ikichemka plastiki inatanuka, unaziba. Asubuhi unaachia. Gasketi 18,000, ya throtoli 7,000, kwa sababu ukishavua manifodi ni ujinga kurudisha ya throtoli iliyozeeka.

Ile ya zamani nilipoikunja ilivunjika. Mpya inakunjika na kurudi. Kabla ya kufunga, safisha uso wa kichwa cha injini kwa kitambaa, usiukwaruze kwa bisibisi, na usipake silikoni ya kuzibia. Wauza spea wengine watakuuzia silikoni badala ya gasketi na kukuambia ni ileile. Boliti kaza kwa zamu kutoka katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo. Plastiki hiyo ukiikaza upande mmoja inapinda.

Nilirudi kwa fundi umeme baada ya wiki. Nyongeza injini ikiwa imetulia: 3%. Hakunitoza. Taa ya injini imezima na mpaka naandika mstari huu haijawaka.

13 Julai. ABS, namba 32

Taa ya ABS ikiwaka, breki za kawaida zinafanya kazi kama kawaida. Unachokosa ni kinga ya kuserereka ukifunga ghafla kwenye lami yenye maji. Ndiyo maana watu wanaishi nayo miaka.

Gurudumu la mbele kushoto likavuliwa. Plagi ya sensa ikachomolewa, maltimita ikawekwa kwenye ohimu. Sensa hizi za mbele ni koili tu, hivyo njia rahisi ya kujua ni kulinganisha na pacha wake. Ya kulia ilisoma kilo-ohimu 1.5 hivi. Ya kushoto haikusoma chochote. Nikawa nachezea waya huku natazama maltimita, na karibu na kibano kilicho kwenye shokapu namba ikawa inakuja na kupotea. Waya umekatika ndani, ganda la nje likiwa zima.

Basi si pampu, wala si sensa yenyewe. Nilichana ganda, nikaunga kwa lehemu, nikavisha mpira unaosinyaa kwa moto. 4,000. Kufuta kosa la ABS: waya ileile kati ya 4 na 13, swichi imewashwa, kanyaga pedeli ya breki haraka mara nane au zaidi ndani ya sekunde tano. Taa ikazima.

20 Julai. Lehemu haifai hapa

Imewaka tena, 32. Kiungo changu ni kizima kabisa. Waya umekatika kama sentimita moja kutoka pale lehemu ilipoishia. Waya huu unapinda kila usukani unapogeuka na kila tairi linapoingia shimoni. Lehemu hufanya kipande kiwe kigumu, na kupinda kote kunahamia pembeni yake. Kuunga kwa lehemu ni sawa ndani ya gari, kwenye waya uliotulia. Kwenye gurudumu ni kuahirisha.

Ilala nikapata sensa used ya NCP60 pamoja na waya wake wote na vibano vyake, 35,000. Muuzaji hakupenda maltimita niliyotoa mfukoni. Ya kwanza aliyonipa haikusoma. Ya pili ikasoma 1.5, na niliupinda waya wake wote kama nyoka kabla ya kulipa. Kama unanunua sensa used bila kuipima umenunua waya wa kufungia mzigo.

Kuitoa ya zamani ndiyo ilikuwa kazi. Boliti ya namba 10 ilitoka, lakini sensa yenyewe ilishikwa na kutu ndani ya nako (chuma kinachoshika gurudumu). Nilipulizia WD-40 jioni, nikaacha usiku kucha, asubuhi nikawa naizungusha kushoto kulia badala ya kuivuta. Ukiivuta kwa plaisi kichwa kinakatika na kinabaki ndani. Tundu nililisafisha kwa msasa uliozungushiwa penseli, kwa sababu kutu chini ya sensa huiinua mbali na meno inayoyasoma. Vibano vyote virudishwe mahali pake, hasa kile cha kwenye shokapu. Cha kwangu hakikuwepo, pengine tangu mtu alipobadilisha shokapu, na hiyo ndiyo iliyoua waya wa kwanza.

Taa zote tatu zimezima. Mpaka hapa: 192,000.

3 Agosti. Rangi: majaribio kwenye kona

Nimesubiri Agosti kwa makusudi. Masika imekwisha, unyevu umepungua kiasi, asubuhi kuna ubaridi. Rangi itabaki 209. Kubadilisha rangi ya gari ni mlolongo mwingine, kwa sababu rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari.

Kabla ya msasa nilitaka kujua kama kuna njia ya mkato. Polishi ya kukwangua, 15,000, kwenye kona ya paa: iling'aa palipobaki klia, na palipobanduka ikatoa rangi nyeusi kwenye kitambaa, maana hapo inasuguliwa rangi yenyewe. Hakuna cha kung'arisha. Kisha klia ya kopo, 12,000, juu ya baka moja lililosuguliwa kidogo kwa msasa. Ilipendeza kwa dakika tano. Halafu kingo za klia ya zamani zikajikunja kama ganda la maziwa yaliyochemka, kwa sababu thina ya klia mpya iliingia chini ya ile iliyokwisha kuachia.

Kwa hiyo klia yote ya zamani lazima itoke kwenye paa na boneti. Sehemu hizi mbili ni nzuri kwa mtu wa nyumbani, kwani zina mipaka. Boneti inaishia kwenye mwanya, na paa la ist lina mistari miwili ya plastiki pembeni. Huhitaji kuficha mahali rangi mpya inapokutana na ya zamani.

11 Agosti. Msasa

Hapa ndipo kazi ilipo, kupuliza ni dakika chache tu. Msasa namba 320 na maji, umefungwa kwenye kipande cha mpira bapa, kamwe si kwenye vidole vitupu, vidole vinachimba mifereji inayokuja kuonekana juani. Kingo za klia ziteremshwe mpaka ukipitisha kiganja ukiwa umefumba macho husikii ngazi. Ukiisikia kwa kiganja, jua litaiona.

Boneti ilikuwa na vishimo vya mawe vilivyofika kwenye chuma. Hivyo vilijazwa puti nyembamba aliyokuwa nayo fundi rangi. Kisha praima (rangi ya msingi) yenye hadina (dawa ya kuigandisha), 35,000 kwa nusu lita. Juu ya praima ilipokauka nilipuliza ukungu mwepesi wa rangi nyeusi ya kopo iliyobaki nyumbani, nikasugua kwa 600. Palipobaki na madoa meusi ndipo pana bonde, panahitaji msasa zaidi au praima zaidi. Malizia kwa 800.

Msasa wa mradi wote 24,000. Rangi 209 iliyochanganywa kwa namba, lita moja, 60,000. Kabla ya kuipuliza kwenye gari ilipulizwa kwenye mfuniko wa bati, ikawekewa klia, ikaletwa mlangoni juani na kivulini. Ililingana vya kutosha. Milango imepauka kidogo kuliko kopo, ila paa haliangaliwi sambamba na mlango.

17 Agosti. Kupuliza

Nilimwita fundi rangi mwenye kompresa, 120,000 kwa siku. Bunduki ya rangi si kitu cha kujifunzia kwenye boneti nyeusi. Saa moja asubuhi uwanja ulimwagiwa maji kuzuia vumbi, vioo na fenda vikafunikwa kwa magazeti na tepu.

Kinyago: klia yenye hadina inatoa isosaianeti, na hiyo inaweza kukuachia pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Nilinunua kinyago chenye vichujio vya kemikali, 60,000. Fundi alikuwa amejifunga kanga usoni. Nikampa yeye kinyago, mimi nikakaa upande upepo unakotoka, mbali.

Rangi mikono mitatu miepesi, ikiachwa ifubae kati ya mmoja na mwingine. Klia mikono miwili, 55,000 pamoja na hadina. Paa lilitoka zuri mno. Boneti, ndani ya dakika mbili za mkono wa kwanza wa klia, ilianza kufunguka vijishimo vya duara, vingi upande wa mbele. Macho ya samaki.

Fundi alisema ni maji ya kompresa. Tangi lilifunguliwa chini, maji yakatoka kweli, lakini paa lilipulizwa na tangi hilohilo na halina hata kimoja. Tofauti ni kwamba boneti ndiyo waosha magari huimalizia kwa ile spirei ya kung'arisha, miaka na miaka. Ni silikoni. Na msasa hauiondoi silikoni, unaisambaza na kuizika kwenye mikwaruzo. Inatakiwa kufutwa kwa dawa ya kuondoa mafuta kabla ya msasa wa kwanza, kwa vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufuta kabla haijakauka. Kisha tena kabla ya rangi. Sisi tulifuta mwishoni tu.

24 Agosti. Boneti tena

Wiki nzima klia iliachwa ikauke. Dawa ya mafuta kwanza, kisha 600 kwa maji mpaka kila jicho likafutika. Machache yalikuwa yamefika kwenye rangi, hapo zilipulizwa dozi ndogo za 209. Dawa ya mafuta tena. Chujio la maji likawekwa kwenye hozi ya kompresa, kwa sababu hoja ya fundi haikuwa ya kupuuzwa. Klia mpya 55,000, fundi 50,000 kwa nusu siku. Hakuna jicho hata moja.

7 Septemba. Kung'arisha na hesabu

Klia ilikuwa na vumbi kidogo na ngozi ya chungwa, yaani vinundu kama vya ganda la chungwa, kwenye paa. 1500 kwa maji, 2000 kwa maji, kisha kompaundi ya 20,000 kwa mkono na sponji. Usiguse kingo za boneti kwa msasa huu. Klia kwenye kingo ni nyembamba na inapitwa upesi.

Rangi imekula 559,000, pamoja na thina 28,000, dawa ya mafuta 15,000, tepu na mengineyo 10,000. Jumla ya mradi 751,000. Ndani yake 186,000 ni za vitu ambavyo havikutibu chochote au vilirudiwa: kisomaji, spirei ya sensa ya hewa, lehemu, polishi, klia ya kopo, na raundi ya pili ya boneti. Usiilinganishe na ile 1,930,000 moja kwa moja, maana bei ile ilikuwa ya rangi ya gari zima na mimi nimefanya sehemu mbili. Kwenye taa ndipo ulinganisho ni halali: 630,000 walizotaka kwa taa mbili, dhidi ya 192,000 kwa taa tatu, pedi zikiwemo.

Kilichobaki ni bampa la nyuma, lililokwaruzwa na bajaji. Ni plastiki, inahitaji praima yake ya kushikia, na nitalivua kabisa nilipige likiwa chini. Rangi 209 imebaki robo lita, kopo limefungwa vizuri na kugeuzwa juu chini kwenye stoo.